"Nzi Wako Kamchoma Mjukuu Wangu": Kisa cha Shimo la Ng'ombe Marangu

Jumapili moja ya Februari, baada ya ibada, shangazi yangu alinitumia picha kwa WhatsApp na chini yake ujumbe mfupi wa sauti. "Baba, nyuki wamehamia kwenye shimo la ng'ombe. Wamejaa kweli. Kuna kijana wa kupulizia dawa anasema atakuja kesho, anataka elfu sitini. Nimpe?"

Picha ilikuwa moja tu. Mdudu mmoja ametua ukingoni mwa zege, amepigwa kwa juu, mbawa kaziachia pembeni kama herufi V, tumbo lina mikanda ya rangi ya chungwa na nyeusi. Kichwa karibu chote ni macho. Nilikuwa mezani nakula. Nikamjibu kwa mkono mmoja: "Shangazi shikamoo. Hao si nyuki, ni nzi wanaojifanya nyuki. Hawaumi. Usitoe hela yako."

Kuhusu mdudu wa kwenye picha nilikuwa sahihi, na hata leo nasimama hapohapo. Kosa lilikuwa kwenye neno "hao".

Jumanne saa kumi jioni simu ikaita. Haikuanza na salamu. "Baba, nzi wako kamchoma mjukuu wangu."

Nieleze kwanza mahali penyewe, kwa sababu nusu ya jibu ilikuwa pale uwanjani. Kihamba cha shangazi kiko juu kidogo ya Marangu Mtoni: migomba, kahawa chini yake, mpaka wa masale, na ng'ombe wawili wa maziwa wanaolishwa zizini mwaka mzima. Mkojo na maji ya kuoshea zizi hupita kwenye mfereji mwembamba wa zege hadi kwenye shimo lenye upana wa meza ya kulia chakula. Shimo liko wazi juu. Kila baada ya muda huchotwa kwa ndoo na kumwagiwa migomba. Hatua sita kutoka hapo kuna bomba, na pembeni ya bomba kuna tuta la giligilani ambalo shangazi aliliacha lichanue ili apate mbegu. Februari huko jua linawaka, masika bado, vijito vimepungua. Kitu chochote chenye unyevu kinatafutwa na kila mwenye kiu.

Kabla sijapanda Hiace nilimwomba shangazi kitu kimoja: picha ya kidole. Alinitumia kitu bora zaidi. Alikuwa amekwangua mwiba kwa ukucha na kuubandika kwenye karatasi ya daftari la mtoto: kijidude cheusi chembamba kama ncha ya sindano, na nyuma yake kifuko cheupe kidogo kuliko punje ya mtama.

Kwa kazi ya utambuzi, mwiba ule ulikuwa ushahidi kuliko picha yoyote. Mwiba wa nyuki wa asali una vimeno vilivyoelekea nyuma. Ukizama kwenye ngozi ya mtu hautoki, unang'oka pamoja na kifuko chake cha sumu, na nyuki mwenyewe hufa. Nyigu huchoma akaondoka na mwiba wake, na akitaka atachoma tena. Nzi hawa ninaowazungumzia hawana mwiba kabisa. Kwa hiyo hata kabla sijafika Himo nilishajua kwamba pale shimoni palikuwa na nyuki halisi, na kwamba shangazi alikuwa na haki ya kunikatia salamu. (Jambo la pembeni, lakini la maana: kifuko kile huendelea kusukuma sumu hata baada ya nyuki kuondoka. Kwangua haraka, kwa ukucha au kwa kadi, usianze kutafuta kibano. Na mtu akivimba uso au akishindwa kupumua, hiyo si kazi ya kitunguu wala mate, ni hospitali mara moja. Mjukuu alivimba kidole tu, na kilipona.)

Nilipofika nilimkuta mchomwaji mwenyewe, yuko darasa la pili, ana kidole kama kibamia na hadithi iliyokamilika. Bibi alisema ni nzi. Basi yeye akaanza kuwakamata kwa mkono. Alikamata mmoja, akamwachia. Akakamata wa pili, akamtia kwenye kisanduku cha kiberiti akawaonyeshe wenzake. Alikamata 6 na hakuna aliyemfanya kitu. Wa 7 ndiye.

"Mjomba," akaniuliza, "sasa huyo wa saba alikuwa nzi mbaya?"

Nimeshasoma maelezo mengi kuhusu wadudu waigaji, lakini swali la mtoto yule liliyapita yote kwa kufika kwenye shina la jambo. Mwaka 1862, Mwingereza Henry Walter Bates, aliyekaa miaka 11 katika misitu ya Amazon akikusanya wadudu, alitoa maelezo ambayo mpaka leo yanabeba jina lake: kiumbe asiye na silaha hunufaika kwa kufanana na mwenye silaha, kwa sababu ndege aliyeonja uchungu wa mwenye silaha hatamgusa hata anayefanana naye. Maelezo hayo yana sharti ambalo watu husahau. Ndege lazima aonje uchungu kwanza, na aonje mara za kutosha. Waigaji wakizidi sana, ndege atakutana na watamu 6 mfululizo na kujifunza somo la kinyume: kwamba mikanda ya chungwa na nyeusi ni chakula. Halafu atakutana na wa 7. Mjukuu wa shangazi alikuwa ndege wa Bates, na mimi ndiye niliyemfundisha somo la kinyume, kwa simu, mkono mmoja ukiwa kwenye sahani.

Kutokana na hilo ndipo nilipoona kosa langu lilivyokuwa. Niliposema "hao si nyuki" nilichukulia kuwa kumtambua mwigaji kunamwondoa mwigwa. Kumbe ni kinyume. Uigaji huu hauna kazi mahali ambapo mwigwa hayupo. Ukimwona nzi aliyevaa kama nyuki, hiyo ni dalili kwamba nyuki wapo jirani, wengi kiasi cha kuwafunza ndege adabu. Picha ile moja ilipaswa kunifanya niulize "na nyuki wenyewe wako wapi?", badala ya kutoa hukumu ya uwanja mzima.

Kesho yake asubuhi nilifanya kile ambacho ningepaswa kufanya tangu mwanzo. Niligeuza ndoo, nikakaa hatua mbili kutoka shimoni, nikiwa na chupa ya plastiki ya siagi ya karanga na karatasi ngumu ya kufunikia. Kwa dakika kama 40 nilinasa wadudu 19 wenye umbo la nyuki, mmoja mmoja, bila kuchagua. 14 walikuwa nzi. 5 walikuwa nyuki.

Watu wakiulizwa tofauti ya nzi na nyuki hukimbilia mbawa: nzi ana 2, nyuki ana 4. Ni kweli, na kwa mdudu aliye hai haikusaidii. Nyuki akiruka, bawa lake la nyuma linashikamana na la mbele kwa vindoano vidogo sana, na akitua analilaza chini yake. Unaona mbawa 2. Utahesabu 4 ukiwa na nyuki aliyekufa na subira. Rangi nayo haifai kutegemewa, hasa huko juu Kilimanjaro, ambako nyuki wa milimani ni weusi kuliko wale wa nyanda za chini. Mtu anayesubiri kuona nyuki wa manjano anaweza kumwita nyuki halisi nzi. Mlio nao si wa kutegemea: nzi hawa huvuma, na ukimfumba mkononi anavuma zaidi.

Mimi naanzia usoni. Nyuki ana vipapasio virefu vilivyopinda katikati kama kiwiko, anavichezesha mbele yake muda wote. Nzi ana vijinundu viwili vifupi, kila kimoja kina unywele, na kwa mbali ni kama hana kitu. Kisha macho. Ya nyuki yako pembeni mwa kichwa, marefu na membamba. Katikati kuna uso. Ya nzi yamechukua kichwa chote, na kwa madume mengi ya nzi hawa yanakutana juu kabisa, hakuna nafasi. Baada ya hapo naangalia miguu ya nyuma: kibarua wa nyuki ana bapa pana linalobeba chavua kama mzigo wa manjano, nzi ana mguu tu. Mwisho, mkao. Nzi akitulia hupenda kuachia mbawa pembeni, nyuki hukunja mgongoni.

Nilitaka kumwona mmoja kwa karibu, na mdudu mzima hakai mbele ya lenzi. Dawa yake ni baridi. Nikaomba friji.

"Kwenye friji yangu? Na maziwa ya wateja?"

"Ndani ya chupa, Shangazi. Imefungwa. Dakika 5."

Aliruhusu, lakini alisimama mlangoni mwa jiko mpaka nikamtoa. Mdudu alikuwa ameganda kwa usingizi, hai bado. Nikamweka kwenye sahani nyeupe, nikampa shangazi kioo cha kukuzia. Alinyamaza. Kisha akasema, "Mungu wangu, ana macho ya kitenge."

Hakuna maelezo bora zaidi. Macho yale yana mistari ya wima, kahawia iliyokolea juu ya rangi ya mchanga, kana kwamba mtu ameyapaka kwa brashi. Huyo ni Eristalinus taeniops, nzi anayepatikana sehemu nyingi za Afrika na nchi za Mediterania, na ambaye amefika hadi California. Ni mmoja wa familia ya Syrphidae, yenye spishi zaidi ya 6,000 duniani. Kwa Kiswahili wataalamu humwita nzi-maua. Shangazi humwita "yule wa kusimama hewani", na naona jina lake linaeleza zaidi, maana wadudu wa familia hii wanajulikana hasa kwa jinsi wanavyoweza kuganda angani kama kitu kilichoning'inizwa kwa uzi usioonekana, kisha wakafyatuka na kurudi palepale.

Bawa ndilo hati ya kiapo ya familia hii. Likunjue chini ya kioo, mwanga utokee nyuma. Ukingo wa nje una mishipa inayokwenda sambamba na kingo, kwa hiyo bawa linaonekana limeshonewa pindo, kama kanga. Katikati kuna kitu kinachoonekana kama mshipa lakini si mshipa: ni mkunjo uliokakamaa, unapita kati ya mishipa halisi bila kuungana nayo ipasavyo na unaishia hewani kabla ya kufika ukingoni. Wanaita mshipa wa uongo. Ukiuona, umemaliza kazi, karibu hakuna nzi wa familia nyingine aliye nao. Kwa jamii ya huyu wa shimoni kuna nyongeza: mshipa mmoja wa juu umebonyea sana, kama kamba ya kuanikia iliyolemewa na blanketi bichi. Na nyuma ya bawa, pale ambapo nyuki angekuwa na bawa la pili, kuna vijiti viwili vyenye vichwa vya njiti ya kiberiti. Hivyo ndivyo vilivyobaki vya mbawa za nyuma, na nzi huvitumia kujiweka sawa angani.

Lazima nikiri kwamba jina la spishi lilikuwa anasa yangu. Swali la shangazi lilihitaji kujua nzi au nyuki, nani anatoka wapi na anafuata nini. Kwa hilo familia ilitosha. Nimeona watu wakitumia siku tatu kubishana juu ya jina la Kilatini huku mwenye shamba akisubiri kujua kama apulizie dawa au asipulizie.

Turudi shimoni. Ukishawatenganisha kwa macho, unaanza kuona kwamba hata shughuli zao ni mbalimbali. Nzi walikuwa juu ya shimo lenyewe. Wengine wanaganda angani wakifukuza wenzao. Wengine, majike, wanatua pale penye utando wa mavi uliokauka nusu na kupapasa nyufa kwa ncha ya tumbo, wakitaga. Nyuki hawakuwa na habari na shimo. Walikuwa kwenye mfereji, sehemu moja ya urefu wa mkono, ambapo maji ya bomba yanavuja na kuchanganyika na mkojo wa ng'ombe. Walitua, wakashusha ulimi, tumbo likasukuma-sukuma, wakainuka. Na kila aliyeinuka alielekea upande uleule, juu ya mti wa mringaringa wa jirani, bila kuzunguka. Mdudu anayekwenda moja kwa moja hivyo ana nyumba anayoirudia. Nzi hana mzinga wa kurudi.

Nyuki wa asali kupenda maji ya namna hiyo si ajabu wala si uchafu wao. Wanahitaji maji ya kupoza mzinga wakati wa joto, na wanahitaji chumvichumvi ambazo hazimo kwenye mbochi, yaani maji matamu ya maua. Maji safi ya bomba hayana harufu. Maji ya zizi yananukia kutoka mbali. Ndiyo maana bomba na mfereji, hatua chache kutoka kwenye nzi wanaofanana nao, vilikuwa kisima chao. Na ndipo mtoto alipokuwa akinawia mikono.

Jirani mmoja, mzee anayeheshimika, alikuja kutazama na akatoa hoja yake: yeye kwa macho yake amewaona nyuki wakitoka ardhini karibu na shimo, wakiwa bado laini, mbawa hazijanyooka. Shangazi alimuunga mkono na akaongeza Maandiko. Nyuki wa Samsoni hawakutoka kwenye mzoga wa simba? Kwa nini hawa wasitoke kwenye mavi?

Mzee hakusema uongo. Nikachukua kopo la maziwa lililotoboka, nikachota pembezoni mwa shimo na kumwaga kwenye karai. Mabuu 8 au 9 yalikuwa yakijinyonganyonga, rangi ya kijivu cha maziwa, kila moja lina mkia mwembamba mrefu kuliko mwili. Mkia ule ni bomba la kupumulia. Buu likiwa chini ya uchafu usio na hewa, linaurefusha mpaka ncha ifike juu, maji yakipungua linaurudisha, kama eriali ya redio za zamani. Mjukuu alisahau kidole. Buu likishakomaa huacha majimaji, hujichimbia kwenye udongo mkavu ulio karibu, hugeuka pupa, na siku ikifika anatoka mdudu laini mwenye mikanda ya chungwa. Alichokiona mzee ndicho hasa kilichotokea, isipokuwa jina.

Kosa lake lina umri wa maelfu ya miaka. Watu wa Mediterania ya kale waliamini kwamba nyuki huzaliwa na mzoga wa ng'ombe, na Virgil, mshairi wa Kirumi, ameeleza katika mashairi yake jinsi ya kumuua ndama na kumfungia chumbani ili watoke. Mwaka 1894, mwanadiplomasia wa Urusi aliyekuwa pia bingwa wa nzi, Osten Sacken, aliandika kwamba "nyuki" hao walikuwa Eristalis tenax, ndugu wa nzi wetu wa shimoni, ambaye ameenea karibu dunia nzima na ambaye mabuu yake huishi kwenye majimaji ya vitu vilivyooza. Nilimsimulia shangazi haya yote nikiwa na furaha kidogo ya mtu aliyesoma.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Sawa. Na asali Samsoni aliila ya nani?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nzi-maua hatengenezi asali, hata tone. Kama ni asali, basi ni nyuki. Na mzoga uliokaushwa na jua, ngozi na mbavu tupu, ni pango kama pango lingine. Nyuki wa asali wamewahi kukaa mahali pa ajabu kuliko hapo. Nikamwambia inawezekana kabisa nzi walikuwepo mzoga ukiwa mbichi, na nyuki wakaja ulipokauka. Akasema, "Kwa hiyo wote walikuwepo. Kama hapa." Nikanyamaza.

Kijana wa dawa alifika saa sita na pampu mgongoni. Sitaki kumfanya adui. Alikuwa na adabu, na aliitwa. Lakini mpango wake ulikuwa kupulizia shimo, mfereji na tuta lote la giligilani, kwa sababu "huko ndiko wanakokula". Nilimuuliza dawa ni ya nini. Ya kuua wadudu wote. Majimaji ya shimo lile yanakwenda kwenye migomba, na mfereji unapita mbele ya ng'ombe anayekamuliwa mara mbili kwa siku. Maua ya giligilani yalikuwa na nyuki kutoka mizinga ya watu wengine, ambao wala hawakuulizwa. Na angerudi baada ya wiki chache, kwa sababu pupa zilizo ardhini hazikuguswa, na shimo bado lingekuwa wazi. Shangazi alimpa nauli na chai.

Kwenye tuta hilohilo kulikuwa na mwigaji wa pili, na sitakaa kwake sana. Ni mwembamba, mdogo, manjano na nyeusi, na shangazi alimwita nyigu mchanga. Nyigu ana kiuno kilichobanwa na vipapasio virefu. Huyu hakuwa na kimojawapo, na aliganda angani mbele ya ua kabla ya kutua. Huyo ni Ischiodon aegyptius. Nilimpeleka shangazi kwenye sukuma wiki zake, nikageuza majani mpaka nikapata penye vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa majani, na katikati yao buu dogo la kijani kibichi, halina miguu, limeinua kidukari mmoja hewani na kumfyonza. "Huyu ndiye mtoto wa nyigu wako." Kupulizia giligilani kungewaua wazazi wa huyo, na mwezi unaofuata vidukari wangekuwa sherehe. Sidhani kama hoja zangu zote za jumla zingemshawishi shangazi kama kidukari yule mmoja alivyomshawishi.

Tulichofanya kilikuwa cha kawaida. Fremu ya mbao yenye wavu wa madirisha, iliyokatwa kwa kipimo cha shimo, ikawekwa juu na mawe pembeni. Bomba likabadilishwa washa, kile kipira cha kuzuia kuvuja, maana ndilo lililokuwa likilisha ule mchanganyiko kwenye mfereji. Upande wa pili wa nyumba, chini ya mringaringa na karibu na njia yao ya kurudi, tuliweka karai la maji lenye chumvi kidogo na kokoto za kusimamia, kwa kuwa nyuki akikosa pa kukanyaga huzama. Nyuki hawahami kisima kwa tangazo. Walirudi mferejini kwa siku kadhaa, wakakuta pakavu, wakapungua. Mtoto alipewa amri mpya, na hii niliitunga kwa uangalifu kuliko ile ya kwanza: hakuna kukamata mdudu yeyote kwa mkono, chupa tu, na kwanza tazama vipapasio. Mabuu ya kwenye karai waliyamaliza kuku.

Nzi hawakuisha, na haikuwa nia. Wiki 3 baadaye bado walikuwa wakiganda juu ya giligilani, wachache, wengi wao bila shaka wametoka kwenye mashimo ya majirani. Wanakula mbochi na chavua, na wanapohama ua hadi ua wanachavusha kama nyuki. Shangazi alivuna mbegu zake.

Mwezi Aprili alinitumia picha tena. Mdudu yuko juu ya ua la parachichi, amepigwa kwa nyuma, kuna ukungu wa mkono uliotetemeka, naona mikanda na kitu kama bawa. Chini yake: "Nyuki au wako?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Nikafuta nilichokuwa nimeandika, nikaandika: "Piga tena kwa mbele, Shangazi, nione vipapasio. Na nitazamie kama kuna wengine."

Zikapita dakika 2.

"Kashaondoka. Ila kaelekea kwenye mringaringa."